Sanduku la Njiani: Vitu vya Kuweka katika Motokari Kabla ya Kubeba Mgonjwa

Ikiwa kanisa lako lina motokari, au ikiwa wewe mwenyewe unayo, siku moja utaitwa usiku. Mtu atagonga mlango na kusema, "Baba, amka. Mke wa ndugu yetu ameshikwa na uchungu tangu jana asubuhi, na mtoto hatoki." Saa ile hutakuwa na nafasi ya kutafuta kriki kwa jirani, wala ya kuuliza ni nani aliyeazima kamba. Utawasha injini na kwenda. Vitu vilivyomo ndani ya motokari saa ile ndivyo utakavyokuwa navyo katikati ya msitu. Visivyomo hutavipata.

Zamani, mganga Carl Becker alipofanya kazi pale Oicha, wagonjwa wengi walifika hospitali kwa miguu au walibebwa katika tipoyi. Leo wanakuja kwa motokari na pikipiki, na watu wanafikiri kwamba njia imekuwa fupi. Lakini njia ni ile ile. Barabara ya Taifa namba 4, itokayo Kisangani na kupita Bafwasende, Nia-Nia na Mambasa mpaka Komanda na Beni, wakati wa mvua ina mahali ambapo lori zima linazama katika matope hata milango yake haifunguki. Safari ya saa 3 inaweza kugeuka kuwa safari ya siku 2. Na mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa katika muda wa saa 2 tu. Ndiyo sababu sisi watu wa hospitali tunaandika habari za kriki na kamba katika kitabu cha afya. Wengine watacheka. Wauguzi hawacheki, maana wao ndio wanaopokea wagonjwa waliochelewa.

Unakumbuka habari ya Msamaria katika Injili ya Luka, sura ya 10. Mara nyingi tunahubiri juu ya moyo wake mwema, na ni haki. Lakini angalia pia mizigo yake. Alikuwa na mafuta. Alikuwa na divai. Alikuwa na kitu cha kufungia vidonda, na mnyama wa kubeba mtu, na dinari 2 za kumpa mwenye nyumba ya wageni. Mambo haya yote alikuwa nayo kabla hajamwona yule mtu aliyelala njiani. Kama angekuwa na huruma tu na mikono mitupu, angekaa karibu naye na kulia.

Gurudumu na kriki

Jambo linalosimamisha motokari mara nyingi kuliko yote ni mpira kutoboka. Kwa hiyo gurudumu la akiba ndilo la kwanza. Lakini kuwa na gurudumu la akiba si kazi. Kazi ni kuwa na gurudumu lenye upepo. Gurudumu linalofungwa chini ya motokari halionekani, tena hakuna anayelipiga teke kila asubuhi kama yale 4 ya chini. Upepo wake unatoka polepole, na siku unapolihitaji, limelala kama chapati. Lipime kila mwezi. Tena jaribu kulifungua, kwa sababu matope na kutu hukaza ule mnyororo unaolishika, na si vizuri kujua jambo hilo saa 8 za usiku.

Pamoja nalo weka kriki, na ufunguo wa kufungulia njugu za gurudumu, na bomba la chuma la urefu wa mkono mzima la kuingizia ule ufunguo. Kwa bomba hilo hata kijana mwembamba anaweza kulegeza njugu iliyokazwa na mtu mwenye nguvu. Weka pia ubao mnene, mpana kama sahani mbili. Bila ubao, kriki ikisimama juu ya udongo laini haiinui motokari, inajichimbia yenyewe kaburi.

Kazi yenyewe ifanye hivi. Simamisha motokari mahali palipo sawa, vuta freni ya mkono, na weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Watu wote washuke. Kama mgonjwa hawezi kukaa, mteremshe akiwa amelala juu ya machela, umweke mbali na njia, juu ya mkeka, na kumfunika na baridi au jua. Legeza njugu kidogo wakati gurudumu bado liko chini. Ukiinua kwanza, gurudumu litazunguka nawe. Kisha inua, badilisha, teremsha, na kaza njugu kwa kuvuka, yaani moja na ile iliyo upande wa pili, si kwa kuzunguka. Baada ya mwendo mfupi simama uzikaze tena.

Usiingie kamwe chini ya motokari inayoshikwa na kriki peke yake. Kriki huteleza. Kifua cha mtu hakiwezi kuzuia motokari.

Tuseme neno moja juu ya mawe. Watu wetu wana desturi ya kukata matawi na kuyaweka barabarani ili kuwaonya wengine kwamba motokari imeharibika mbele. Ni desturi nzuri, na kama huna vile vyuma vyekundu vya pembe tatu vinavyong'aa katika mwanga wa taa, fanya hivyo. Weka matawi mbali, hatua 100 nyuma na vile vile mbele, na mbali zaidi ikiwa kuna kona au mtelemko, maana lori lenye mzigo halisimami upesi. Lakini shofera wengi wakiisha kutengeneza wanapanda na kwenda, na mawe wanayaacha pale pale katikati ya njia. Usiku mtu wa pikipiki anakuja. Huyo ndiye tutakayempokea kesho hospitalini, mguu umevunjika. Ondoa mawe yako.

Kama mpira wa akiba nao umetoboka, unahitaji vipande vya kubandika, gundi, na pompi. Gundi ikifunguliwa hukauka, basi weka mpya kila baada ya miezi michache.

Matope

Weka chepeo, panga, shoka, na kamba nzito ndefu au kebo ya chuma. Mbao 2 imara za urefu wa hatua moja na nusu ni bora kuliko rundo la majani.

Motokari ikizama, shofera asiyejua hukanyaga esansi kwa hasira. Gurudumu linazunguka, linachimba, na motokari inakaa juu ya tumbo lake. Fanya kinyume. Zima. Shuka uangalie. Chimba matope mbele ya magurudumu mpaka kuwe na mtelemko mdogo, ingiza mbao, kisha toka polepole kwa vitesi vya chini, watu wakisukuma. Wanaosukuma wasisimame nyuma ya gurudumu, maana mbao huruka.

Wakati wa kuvuta kwa kamba au kebo, watu wote wasimame mbali, kupita urefu wa kamba yenyewe. Kebo inapokatika inarudi kama mjeledi, na inaweza kukata mguu. Watoto hupenda sana kutazama kazi hii. Wafukuze kwa ukali. Baadaye utawapa pipi.

Mto ukijaa juu ya daraja, mtu mzima aingie kwanza kwa miguu, akiwa ameshika fimbo na kufungwa kamba. Kama maji yanafika magotini na yanakimbia, usipite hata mgonjwa akiwa katika hali mbaya. Ukipita, unawaua watu 6 kwa kumtaka mmoja apone. Ngoja maji yapungue, au mvushe mgonjwa kwa njia nyingine, na upande wa pili itafutwe motokari nyingine.

Maji, mafuta na moto

Chukua bidoni ya maji safi ya lita 20. Maji haya yanafanya kazi tatu: kunywa, kunawa, na kunywesha motokari. Injini ikipata joto sana, simama. Usifungue kifuniko cha radiateri, lile sanduku la maji mbele ya injini, wakati bado ina moto. Maji yaliyomo yanatoka kwa nguvu na kuchoma uso, na macho yanaweza kuharibika. Ngoja nusu saa au zaidi, kisha funika kwa kitambaa kinene, fungua kidogo mvuke utoke, halafu maliza. Usimwage maji baridi katika injini iliyo moto na kavu, maana chuma kinaweza kupasuka. Angalia pia mkanda unaozungusha feni. Mkanda mmoja wa akiba hauna uzito, lakini ukikosekana unaweza kukulaza njiani siku 3.

Weka mafuta ya injini lita 2. Tena weka akiba ya esansi au ya mazutu, kwa kadiri injini yako inavyokunywa. Hapa tunaomba usikilize sana. Esansi haikai ndani pamoja na wagonjwa. Moshi wake usioonekana unajaa motokari, na cheche moja yatosha. Iweke nje, nyuma au juu, katika chombo cha chuma au bidoni iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye kifuniko kinachofunga. Ipake rangi nyekundu, ili usiku mtu asije akamwaga esansi katika radiateri au kumpa mgonjwa kikombe kutoka bidoni isiyofaa. Usiitie kamwe katika chupa ya Fanta wala ya maji. Hospitali zetu hupokea watoto waliokunywa esansi au mafuta ya taa namna hiyo. Ikitokea, usimtapishe mtoto, wala usimpe mafuta ya mawese ili atapike. Anapotapika, esansi inaingia mapafuni, na hapo ndipo inapoua. Mlete hospitali mara moja.

Na shofera anayevuta esansi kwa mdomo katika mpira, naye ni kama mtoto huyo. Tumia pompi ndogo ya mkono.

Chombo cha kuzimia moto kiwe chini ya kiti cha shofera, si nyuma chini ya magunia ya muhogo. Sindano yake ionyeshe rangi ya kijani. Kama ni cha unga, kigeuze na kukitikisa kila mwezi, kwa sababu unga hushikana na kuwa kama sementi njiani mwetu. Moto ukianza, toa watu kwanza. Elekeza unga chini, pale moto unapotokea, si kwenye miali. Kama moto uko katika injini, usiinue kifuniko wazi kabisa. Fungua kidogo tu na upulize ndani, maana upepo mwingi unaulisha moto.

Tochi moja ni chache. Weka mbili, na moja iwe ya kufunga kichwani ili mikono yote miwili iwe huru. Mawe ya tochi yatoe nje na kuyaweka pembeni katika mfuko mkavu, ili yasivuje wala kuisha bure. Mabikira 5 wajinga walikuwa na taa pia. Usiangalie batri ya motokari kwa kiberiti wala sigara, kwa sababu gesi yake inaweza kulipuka. Ukiomba nguvu kutoka motokari nyingine, unganisha alama ya kujumlisha na ya kujumlisha kwanza. Kisha waya wa kutoa uanze kwenye batri nzima, na ncha yake ya mwisho uishike kwenye chuma cha injini ya motokari iliyokufa, mbali na batri.

Sanduku la dawa

Sasa tufike kwenye sanduku lenyewe. Liwe la bati, lenye kifuniko kinachozuia vumbi, na msalaba umechorwa juu. Lisiwe na kufuli. Tumeona masanduku mazuri yaliyofungwa, na mwenye ufunguo yuko arusini Bunia.

Jambo la kwanza linalowashangaza wengi: usiweke dawa nyingi ndani. Motokari iliyofungwa na kusimama juani inakuwa kama tanuru, na dawa nyingi hazitakiwi kupita joto la digrii 30. Dawa ya sindano wanayotumia wakunga kuzuia damu baada ya kuzaa hukaa penye baridi, kati ya digrii 2 na 8. Ukiiweka chini ya kiti kwa mwezi, unabeba maji tu. Dawa za namna hiyo ziache kwa wauguzi. Vidonge vichache vya parasetamoli na pakiti za chumvi za kuhara vinatosha, na hivyo uvitoe ndani ya motokari inaposimama nyumbani.

Kinachookoa watu njiani ni vitu vya kawaida. Weka vitambaa vingi safi vilivyofuliwa, kuanikwa juani, kupigwa pasi na kufungwa katika mfuko wa plastiki. Weka bandeji pana, vitambaa vikubwa vya pembe tatu, makasi, pini, sabuni, na glavu jozi 10 au zaidi. Weka vipande vya mbao laini kwa mifupa iliyovunjika. Weka blanketi 2, turubai moja la plastiki, ndoo yenye kifuniko, wembe mpya ambao haujafunguliwa, na uzi safi. Machela inaweza kuwa miti 2 na magunia 2 yaliyotobolewa pembe. Miti hiyo ifungwe juu ya motokari siku zote, si kukatwa msituni usiku na panga butu.

Glavu si za waganga tu. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ukaingia Ituri, na kutangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020, uliua watu zaidi ya 2,200. Wengi waliupata kwa kumgusa mgonjwa au maiti kwa mikono mitupu, tena kwa upendo. Kwa hiyo, mtu mwenye homa kali anayetapika na kuhara, au anayetokwa na damu bila jeraha, usimpakie kwa haraka kati ya watu wengine. Piga simu kituo cha afya kwanza, uwaulize. Damu ya mtu yeyote usiiguse bila glavu. Kama huna, mifuko 2 ya plastiki mkononi ni afadhali kuliko ngozi tupu. Baada ya safari ioshe motokari kwa maji na sabuni, kisha uombe hospitali maji ya klori, wakuonyeshe namna ya kuyatumia. Kitambaa chenye damu usikitupe kichakani, kichome moto.

Mtu akitokwa na damu nyingi, weka kitambaa safi juu ya jeraha, ukandamize kwa nguvu kwa mikono yote miwili. Usiinue kila mara kuchungulia. Hesabu dakika 10 kwa saa au simu, maana pale dakika 1 huonekana kuwa 5. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake bila kuondoa cha kwanza. Usitie udongo, majani, kahawa, wala esansi. Kama ni mkono au mguu, na damu inaruka wala haizuiliki hata kwa kukandamiza, funga kitambaa cha upana wa vidole 3 juu ya jeraha, ukikaze kwa kijiti mpaka damu isimame. Usitumie waya wala kamba nyembamba. Andika saa uliyofunga kwa kalamu juu ya ngozi ya mgonjwa, na usilegeze mpaka mganga alegeze. Ndiyo sababu kalamu nayo imo katika sanduku.

Mfupa uliovunjika ufunge na ubao kama ulivyoukuta, usijaribu kuunyosha. Mtu aliyezimia lakini anapumua mlaze kwa ubavu, ili matapishi yasimzibe koo. Kama alianguka kutoka juu au alitupwa na motokari, msimkunje katika kiti kama mzigo. Watu 4 wamwinue pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja.

Mama akizaa njiani

Hili hutokea mara nyingi, na ndilo linalowatia wanaume hofu kuliko Ebola. Mama mjamzito anaposafirishwa alale kwa ubavu wa kushoto, na mwanamke mwenye busara akae karibu naye. Akisema mtoto anakuja, mwaminini. Simamisheni motokari. Shofera atengeneze turubai liwe kama ukuta, kisha ageuze uso na kushika tochi.

Anayesaidia anawe kwa sabuni na kuvaa glavu. Asiingize mkono, asikanyage tumbo, asivute mtoto. Mtoto akitoka, apanguswe haraka kwa kitambaa kikavu, awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na wote wawili wafunikwe kwa blanketi. Mtoto mchanga hushikwa na baridi hata katika nchi yetu ya joto. Kitovu hakina haraka. Ngojeni dakika 1 mpaka 3, kisha kifungwe kwa uzi safi mahali 2 na kukatwa katikati kwa ule wembe mpya. Kama wembe umepotea, msikate kwa panga wala kwa kioo. Mfungeni mtoto pamoja na kondo lake lote, na mwendelee na safari. Si hatari kwake kwa muda huo, na kisu kichafu ndicho kinacholeta pepopunda.

Mtoto anyonye mara moja, maana kunyonya kunasaidia tumbo la uzazi kukaza. Kondo likiisha kutoka, sugueni tumbo la mama chini ya kitovu mpaka kitu kigumu kama mpira kisikike. Mama akojoe. Damu kidogo ni kawaida. Lakini ikijaa kama nusu lita, au ikiendelea kutiririka na vitambaa vinalowa kimoja baada ya kingine, msikae pale kushukuru na kuimba. Sugueni tumbo njia nzima, na shofera aende.

Vitu visivyo vya shofera

Familia ya mgonjwa nayo ina mzigo wake. Barua kutoka kituo cha afya, yenye kuonyesha ugonjwa ulianza lini na dawa gani zimetolewa, inampa mganga nusu ya kazi. Chukueni nguo za mtoto, kikombe, sufuria, na fedha. Tena, badala ya kujaza motokari na shangazi 7 wa kulia, chagueni jamaa 2 wenye afya ambao wanaweza kutoa damu. Hospitali nyingi hazina damu ya kutosha ya akiba, na mgonjwa aliyefika bila mtu wa kumtolea anaweza kungojea kitu ambacho shangazi wa tatu alikiacha nyumbani.

Simu iwe imejaa umeme, lakini namba za hospitali na za mtengenezaji wa motokari ziandikwe pia kwa karatasi ndani ya kifuniko cha sanduku. Katika msitu wa Ituri kuna sehemu ndefu ambapo simu haishiki kitu.

Mgonjwa anayehara katika safari ndefu asingoje hospitali ili anywe. Pakiti moja ichanganywe katika maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Kama pakiti zimekwisha, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimepimwa sawasawa na mdomo wa kijiko, si kilima. Anywe kidogo kidogo.

Ndugu mwenye pikipiki asidhani kwamba habari hizi zimempita. Wagonjwa wengi wanafika kwetu kwa pikipiki kuliko kwa motokari. Katika mfuko chini ya kiti aweke pompi ndogo, vipande na gundi, buji moja, funguo, kebo ya klachi, tochi, glavu, kitambaa kirefu safi na turubai dogo la mvua. Lakini mtu aliyezimia, au aliyevunjika mgongo, asifungwe katikati ya watu 2 juu ya pikipiki, kichwa kikining'inia. Huyo abebwe kwa tipoyi mpaka mahali pa motokari, kama baba zetu walivyofanya.

Linabaki swali la nani atakayelitunza sanduku. Adui mkubwa wa vitu hivi si matope wala kutu, bali ni kuazimana. Kriki inakwenda kwa mwalimu, shoka inakwenda kwa mama mchungaji kupasua kuni, tochi inakwenda kwenye kilio, na hakuna aliyeiba. Komite ya kanisa imchague shemasi mmoja, asiyekuwa shofera, awe na daftari. Kila Jumamosi afungue sanduku pamoja na shofera, wahesabu, waone gurudumu la akiba na mawe ya tochi. Kila baada ya safari ya mgonjwa, hata wakirudi alfajiri wamechoka, vitambaa na glavu vilivyotumiwa virudishwe vingine siku ile ile, kwa fedha iliyotengwa katika matoleo kwa kazi hiyo. Na anayekuja kuazima kriki, hata akiwa mzee wa kanisa, shemasi aende naye, aitumie pale pale, na kurudi nayo mkononi.